Matuta ya Murang'a na jembe la mwanamke

Mwezi Aprili 1948, wanawake wapatao 2,500 kutoka lokesheni ya Chifu Ignatio walifika kwenye makao makuu ya wilaya ya Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Waliimba, wakacheza, kisha wakatangaza kwamba hawatapanda nyasi juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa sababu kazi waliyokuwa nayo iliwatosha. Majuma machache baadaye chifu alituma askari kuwakamata waliokaidi. Wenzao wakaja na fimbo mkononi na kuwatoa. Maofisa walikisimulia kisa hiki nusu kwa mzaha, na wanahistoria wengi wamekipa mistari michache tu, kama dibaji fupi ya Mau Mau. Ninaona kinastahili nafasi kubwa zaidi. Wanawake wale walisema kwa maneno machache jambo ambalo wataalamu wa mazingira na maendeleo walichukua miaka mingi kulikubali: kila mpango wa kuokoa udongo, kabla haujawa suala la udongo, ni mpango wa kugawa kazi na mamlaka. Yupo anayeamrisha, yupo anayeshika jembe, na yupo anayebaki na shamba lililookolewa. Katika vilima vya Kenya watu hao watatu mara chache sana wamekuwa mtu mmoja, na aliyeshika jembe karibu kila mara alikuwa mwanamke.

Hofu ya mmomonyoko haikuzaliwa Murang'a. Miaka ya 1930 tufani za vumbi ziliharibu mashamba ya nyanda za kati za Marekani, na habari zake zikawatia kiwewe watawala wa makoloni ya Uingereza kote Afrika. Kenya nayo ilikuwa imepitia ukame na kuporomoka kwa bei za mazao. Idara ya Kilimo ikaunda kitengo cha kuhifadhi udongo chini ya Colin Maher, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba kilimo na ufugaji wa Mwafrika ulikuwa unaiteketeza nchi. Dawa ya kwanza ilijaribiwa Ukambani mwaka 1938: kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu, na ng'ombe wao kuuzwa kwa bei ya kutupa huku kiwanda kipya cha nyama pale Athi River kikingojea malighafi. Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa. Mbingu alihamishiwa Lamu kifungoni, lakini serikali ililazimika kuachana na upunguzaji wa nguvu. Somo ambalo watawala walilipata hapo lilikuwa la ajabu kidogo. Hawakujiuliza kama amri yenyewe ina kasoro. Walihitimisha kwamba ng'ombe ni mali ya mwanamume na kuigusa ni hatari. Baada ya vita mkazo ulihamia kwenye matuta, na matuta hayakugusa mali ya mwanamume yeyote. Yaligusa mgongo wa mkewe.

Hapa msomaji anaweza kupinga, na pingamizi lake lina uzito: mmomonyoko ulikuwepo kweli. Miteremko ya Murang'a ni mikali, mvua zake ni nzito, na udongo mwekundu ulionekana ukienda na maji ya mito inayoelekea Tana. Mtu hawezi kuipuuza hatari hiyo kwa sababu tu aliyeitaja alikuwa mkoloni. Lakini kuukubali ugonjwa si kuyakubali maelezo ya chanzo chake. Tume ya Ardhi iliyotoa ripoti yake mwaka 1934 ilikuwa imethibitisha mipaka ya rizavu, na Wakikuyu hawakuwa tena na pa kupanukia huku ardhi kubwa ya nyanda za juu ikibaki kwa walowezi. Mashamba yaliyokuwa yakipumzishwa kwa miaka sasa yalilimwa mfululizo. Ikaja Vita Kuu ya Pili, na serikali hiyohiyo iliyolalamikia uchovu wa udongo ikahimiza mahindi zaidi, maharagwe zaidi, na mboga za kukaushwa kiwandani Karatina kwa ajili ya jeshi. Kwa mahindi yaleyale Mwafrika alilipwa chini ya mlowezi. Mashamba ya walowezi nayo yalikuwa yakimomonyoka, hasa yale yaliyopandwa mahindi mwaka baada ya mwaka. Kwao lakini dawa ilikuwa mikopo na mitambo, si shokoa. Ugonjwa mmoja, wagonjwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyeamriwa kujitibu kwa mikono yake bila malipo.

Mikono hiyo ilikuwa ya nani, hesabu yake si ngumu. Kodi na uhaba wa ardhi viliwasukuma wanaume wengi kwenda kutafuta mshahara Nairobi, mashambani kwa walowezi, au jeshini. Waliobaki vilimani ni wanawake, wazee na watoto. Gavana Philip Mitchell na maofisa wake wa mikoa waliamini kwamba jamii ya Kiafrika ina roho ya ushirika inayoweza kufufuliwa, nao wakaiita kazi ya matuta kwa jina la desturi ya Kikuyu, ngwatio. Ngwatio ya asili ilikuwa mapatano ya majirani: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba huwalisha waliokuja. Ngwatio ya chifu iliitishwa asubuhi mbili kwa juma, ilikuwa na faini kwa asiyefika, na haikuwa na kesho kwangu, kwani matuta yalichimbwa pale ofisa au chifu alipoelekeza, na machifu hawakukosa kunufaika. Mwanamke aliyekwenda huko alikuwa bado na shamba lake la kupalilia, kuni za kusenya, maji ya kuteka bondeni na watoto wa kulisha. Msimu wa mvua, asubuhi mbili kwa juma ni tofauti kati ya kupanda kwa wakati na kuchelewa, na kuchelewa vilimani kule maana yake ni njaa. Kisha tuta lenyewe lilikula sehemu ya shamba ambalo tayari lilikuwa dogo. Kwa hiyo waliposema kazi waliyo nayo inawatosha, walikuwa wanatoa taarifa sahihi ya kilimo kuliko ile iliyokuwa ikiandikwa ofisini.

Wapo wanaosema kwamba wanawake hawa walitumiwa tu. Tarehe 20 Julai 1947 ulifanyika mkutano mkubwa wa siasa Murang'a, uliohudhuriwa na maelfu ya watu, na hapo ndipo ilipoazimiwa kwamba wanawake wasishiriki tena kazi ya matuta. Waliopanda jukwaani walikuwa wanaume wa chama cha Kenya African Union (KAU) na wenzao, na wengine walikuwa na sababu zao: ugomvi na machifu, kinyongo cha ardhi, hamu ya kuonyesha nguvu mpya ya siasa. Hata huruma yao kwa wanawake ilikuwa na harufu ya wivu, kwa maana mume aliyekuwa Nairobi hakufurahia kusikia kwamba nguvu kazi ya nyumba yake inaamrishwa na chifu badala yake. Yote haya nayakubali. Azimio lilifanya kazi za matuta zizorote kwa miezi mingi iliyobaki mwaka huo. Lakini haliwezi kueleza Aprili 1948. Wakati huo serikali ilikuwa imejikusanya upya, machifu wamesimama tena, na wanaume wengi wameanza kurejea kwenye utii. Waliofika bomani na kucheza mbele ya ofisi walikuja bila wasemaji wa kiume, wakaenda kuwaokoa wenzao bila kungoja azimio. Wala halikuwa jambo geni katika nchi ya Wakikuyu: mwaka 1922 kiongozi wa siasa Harry Thuku alipokamatwa, moja ya malalamiko yaliyompa umaarufu lilikuwa kulazimishwa kwa wasichana na wanawake kutengeneza barabara na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na aliyewatolea wanaume changamoto kwa kuinua nguo yake mbele ya kituo cha polisi Nairobi, kabla ya risasi kumwangusha, ni mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru. Kati ya barabara za 1922 na matuta ya 1948 kilichobadilika ni sababu iliyotolewa. Kwanza ilikuwa ustaarabu, sasa ilikuwa hifadhi ya udongo.

Tukivuka mpaka kwenda Tanganyika, Uluguru inatupa ushahidi wa aina nyingine. Mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza huko mwaka 1950 uliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima iliyo juu ya Morogoro, ili kulinda mito. Katika sehemu nyingi za milima hiyo tabaka la udongo wenye rutuba ni jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuuleta juu udongo mfu wa chini. Wakulima waliona mavuno yakipungua kwenye matuta, wakasema, hawakusikilizwa. Waluguru wana ukoo wa upande wa mama, na ardhi hushikwa na koo, hivyo amri ya jinsi ya kulima iligusa pia swali la nani ana sauti juu ya shamba. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba katika mabishano haya sayansi ilikuwa upande mmoja na ukaidi upande wa pili. Mwanamke anayelima kipande kilekile kwa miaka 20 anajua udongo wake unafika kina gani. Mtaalamu aliyekuja na kipimo cha mteremko alijua kitu cha kweli pia, lakini kwa kuwa alikuja na askari hakukuwa na njia ya elimu hizo mbili kukutana.

Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba nguvu ilifaulu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilipata uwezo ambao Chifu Ignatio hakuwahi kuuota. Kufikia mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, vijiji hivyo vilikuwa hasa vya wanawake. Walitolewa asubuhi chini ya bunduki kuchimba handaki kubwa la kuuzuia msitu, kutengeneza barabara, na ndiyo, kuchimba matuta. Matuta mengi yanayopendeza macho ya msafiri leo katika vilima vya Murang'a na Nyeri yalichimbwa au kupanuliwa katika miaka hiyo. Mtu akisema kwamba bila mkono wa chuma udongo ungekwisha, atanyoosha kidole na kuyaonyesha.

Ila inabidi tuufuate mwendo wa hayo matuta hadi mwisho. Mpango wa Roger Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha vipande vya ardhi vilivyotawanyika, ukavipima na kuviandikisha, na hati ikatolewa kwa mkuu wa kaya, yaani mwanamume. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa ya mbari, na mwanamke aliyeolewa alipewa mashamba yake ya kulima, akawa na kauli juu ya mazao na ghala. Haki hiyo haikuwa kamili, lakini ilikuwa na mashahidi na wazee wa kuilinda. Daftari la ardhi halikuwa na safu ya haki za namna hiyo. Papo hapo Wakikuyu wakaruhusiwa kupanda kahawa kwa wingi, na kahawa ilitakiwa ipandwe kwenye matuta. Hivyo mwanamke aliyechimba tuta kwa shokoa sasa alipalilia na kuchuma kahawa juu ya tuta lilelile, na malipo ya chama cha ushirika yakaingia kwa jina la mwenye hati. Sioni namna ya kuyaita haya mafanikio ya uhifadhi bila kuongeza kwamba gharama yake ililipwa na mtu mmoja na faida ikaandikishwa kwa mwingine. Tena nguvu yenyewe haikudumu: uhuru ulipofika, sehemu nyingi za nchi zilitelekeza matuta, mengine yakalimwa hadi yakasawazishwa, maana wananchi waliyahesabu pamoja na kipande na kodi ya kichwa, vitu vya kutupwa.

Kinachonishawishi zaidi ni kwamba ardhi hiyohiyo ilikuja kuhifadhiwa kwa njia nyingine. Machakos, wilaya ambayo Maher na wenzake waliitaja kama kielelezo cha maangamizi, ilikuwa na watu kama robo milioni miaka ya 1930. Kufikia 1990 walikuwa karibu milioni moja na laki nne, na watafiti waliorudi kuipima walikuta matuta mengi zaidi, miti mingi zaidi na mavuno makubwa zaidi kwa kila mtu. Tangu miaka ya 1950 sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vikundi vya mwethya, ambavyo vilichagua viongozi wao wenyewe, mara nyingi wanawake, vikaamua zamu za mashamba, na vikachimba matuta waliyoyapenda, ya ngazi na ya fanya juu, badala ya yale membamba yaliyopendekezwa na idara. Mradi wa kitaifa wa kuhifadhi udongo ulioanza mwaka 1974 kwa msaada wa Sweden ulijifunza kwao, ukawafuata wakulima mashambani mwao mmoja mmoja na kuvitegemea vikundi vya akina mama. Isisemwe kwamba Machakos ilikuwa pepo. Fedha za wanaume waliofanya kazi Nairobi zilisaidia kununua pembejeo, soko la mboga na matunda lilikuwa karibu, na wenye shamba dogo walibaki nyuma. Lakini kazi ileile ngumu, ya jembe lilelile, ilifanyika bila askari pale wafanyaji walipokuwa na kauli juu ya wapi, lini na kwa faida ya nani.

Katika mkondo huu ndipo namweka Wangari Maathai, na si katika ule wa watakatifu wa miti. Alizaliwa Nyeri mwaka 1940, akasomea biolojia, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1971, na Juni 1977 akapanda miche saba Nairobi chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya. Mabwana misitu walidai kwamba kuotesha miche kunahitaji stashahada. Akina mama wakaotesha kwa mbegu walizookota na vyungu vilivyovunjika, na kwa kila mche uliopona wakalipwa senti chache. Malipo hayo ni madogo mno, na wako wanaoyabeza, lakini yaliweka mpaka ulio wazi na shokoa: kazi ya kuhifadhi mazingira ina ujira, na ujira unakwenda kwa aliyeifanya. Kuna jambo lingine lisiloonekana haraka. Katika sehemu nyingi za Kenya kupanda mti wa kudumu ni kudai ardhi. Kakamega, watafiti wa miaka ya 1980 walikuta miiko iliyomzuia mwanamke kupanda mti, ikimtisha kwamba atakuwa tasa au mumewe atakufa, na sababu yake haikuhitaji mganga kuifafanua. Mwanamke mwenye kitalu cha miche alikuwa tayari amevuka mstari wa siasa kabla hajafungua mdomo.

Alipoufungua, watawala walijibu kwa lugha ileile. Mwaka 1989 chama tawala kilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Maathai aliandika barua akipinga. Bungeni wabunge hawakujadili udongo wala hewa. Walizungumzia ndoa yake iliyovunjika na kuliita shirika lake la kupanda miti kundi la wanawake walioachika. Rais Moi akasema mwanamke mwema wa Kiafrika huwaheshimu wanaume. Shirika likafukuzwa katika ofisi zake. Wafadhili wakasita, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 ilikuwa zamu ya akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliogoma kula katika bustani ileile, na polisi walipowavamia baadhi yao walivua nguo, laana ambayo Nyanjiru angeitambua mara moja. Mwaka 1999 alipigwa na wahuni akijaribu kupanda mti katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa vigogo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 imefanya tuzikumbuke habari hizi kama ushindi wa mtu mmoja, na ni haki yake. Ila bustani, msitu na tuta vinaonyesha mtindo mmoja: mwanamke husifiwa kuwa mlinzi wa mazingira maadamu anachimba, na huitwa mkorofi siku anapouliza ardhi ni ya nani.

Kwa sababu hiyo siiafiki hoja inayopendwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba mwanamke ana undugu wa asili na dunia, na hivyo miradi ya mazingira iwekwe mikononi mwake. Vandana Shiva wa India aliipa hoja hiyo nguvu kubwa, na mwenzake Bina Agarwal akaijibu vizuri: uhusiano wa mwanamke na msitu au shamba hutokana na kazi anayopangiwa na mali anayonyimwa, na hubadilika kadiri hivyo viwili vinavyobadilika. Ushahidi wa Murang'a uko upande wa Agarwal. Wanawake wa 1948 walikataa kuhifadhi, na walikuwa na haki. Binti zao wakahifadhi kwa wingi, nao walikuwa na haki. Mpangaji anayemsifu mwanamke kwa upendo wake wa asili kwa udongo hana umbali mrefu na ofisa aliyeisifu ngwatio, kwani wote wawili wamepata njia ya kutolipa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi ukomeshwe. Sheria ya mali ya wanandoa ikafuata mwaka 2013. Hata hivyo, uchunguzi wa hati zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, uliochapishwa na Kenya Land Alliance, ulionyesha kwamba hati kama moja tu kati ya kumi ilitolewa kwa mwanamke, na ukubwa wa ardhi yenyewe ulikuwa chini ya asilimia 2. Desemba 2022 serikali ilizindua kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 2023 taifa zima likapewa siku ya mapumziko ili lipande. Miche mingi itatoka kwenye vitalu vya vikundi vya akina mama, na mingi itapandwa kwenye mashamba ya familia, ambako mti, ukishakomaa na kufaa kwa mbao, huuzwa na yule ambaye jina lake liko kwenye hati.